Baraza la Kumkaribisha Muzee Cikuru

Jumapili, 6 Agosti
Habari nzito! Muzee Cikuru, baba wa mke wangu Léonie, anafika Jumamosi kwa boti ya Bukavu. Atalala mtaa wa Majengo kwa mtoto wake Aubin, kama kawaida. Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake, na muzee huyo hajakanyaga kwangu. Hupita barabarani, huinua kofia, huendelea. Kwa nini? Si kwa sababu mimi ni Mnande wa Butembo. Siku ya harusi alicheza mpaka kiatu kikakatika. Si mbwa wetu mkali. Mbwa alikufa, naye hakuja. Léonie anasema nimuulize mwenyewe. Hapana! Jambo la kuchunguzwa haliulizwi.

Baada ya misa nimegundua. Aubin ana baraza mbele ya nyumba, nguzo nne na viti. Mimi sina. Kwangu mgeni akitoka barabarani, hatua mbili, yuko kitandani. Muzee wa heshima akae wapi kwanza, akohoe? Nitajenga. Siku sita zinatosha. Dunia nzima iliumbwa kwa hizo hizo.

Jumatatu, 7 Agosti
Kwa Aubin, kuchukua vipimo. Sikutaka ajue. Nikajifanya nimeshikwa na kizunguzungu, nikalala chali barazani. Urefu: mimi mmoja na nusu. Nikajikokota kupima upana: mimi mmoja kasoro kichwa. Aubin akanimwagia ndoo ya maji. Akauliza kama ni malaria. Nikasema ni mawazo. Akanipa dawa ya kichwa na blanketi. Unafiki mtupu! Blanketi lilikuwa zuri.

Jumanne, 8 Agosti
Fundi Cyprien amekuja na mtalimbo. Tumechimba mashimo ya nguzo. Tumechimba! Mtaa wetu umekalia mawe ya volkano. Saa tatu za jasho, kina: vidole vitatu. Nikafikiri. Nguzo haitaki kuingia ardhini? Basi isimame juu yake. Tumekata bidoni nne za maji, tumesimamisha nguzo ndani, tumejaza saruji. Cyprien alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani ni heshima.

Jumatano, 9 Agosti
Sakafu. Mawe tumeyaokota uani. Mbao na mabati yamekuja kutoka Birere kwa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao ya kusukuma, na msukuma chukudu naye alisimama kutazama. Nimemwamuru Cyprien sakafu izidi ya Aubin kwenda juu kwa jiwe moja. Akasema, "Lakini Papa Wenceslas, mulango yako inafungukaka inje." Nikamjibu kwamba mlango ni wangu, tunajuana.

Jioni Aubin amepita. Akauliza kama nafungua butiki. Nikasema mwenye macho ataona. Akasema anaona, ndiyo maana anauliza.

Tumeingia kulala kwa dirisha, saruji isikanyagwe. Kwa leo tu!

Alhamisi, 10 Agosti
Asubuhi Léonie kasukuma mlango. Haukusogea. Saruji imekauka, na sakafu imeupita mlango kwa kiganja kizima. Nyumba ina mlango mmoja. Tukasukuma wote wawili. Wapi! Nikabaki nashangaa: saruji hupata wapi nguvu hizi kwa usiku mmoja? Léonie hakushangaa. Alitoka dirishani na beseni lake, akaenda bombani.

Cyprien anasema dawa ni kukata mlango chini. Msumeno wake uko Kituku, anakotengeneza mtumbwi wa mtu. Aubin ana msumeno. Afadhali dirisha.

Ijumaa, 11 Agosti
Mabati juu. Baraza limesimama! Nimelikalia kushoto, kulia, katikati. Linaonekana vizuri kutoka barabarani. Nimelikagua hata kutoka kwa jirani. Léonie ameuliza kama nimemwalika baba yake. Swali gani hilo? Nani huwaalika nyuki kwenye maua?

Jumamosi, 12 Agosti
Tangu saa nne nimekaa barazani na koti. Saa sita, hakuna mutu. Saa nane, mbuzi. Saa tisa Léonie ametoka dirishani na kitenge chake cha misa, amepanda moto, pikipiki ya abiria, amekwenda Majengo peke yake. Sikuelewa.

Saa kumi amerudi na Muzee na Aubin. Muzee! Kwangu! Akapanda, akakaa, akakohoa. Sawasawa na nilivyopanga. Kisha akasimama, akasema, "Sasa nataka kuona fasi mutoto yangu analala."

Aubin akavuta mlango, akatazama sakafu, akanitazama mimi. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Akavua koti lake, akasema, "Shemeki, shika ule muguu."

Tukampitisha dirishani. Muzee wa miaka sabini na nne! Mimi muguu wa kushoto, Aubin wa kulia, Léonie ndani akipokea kichwa. Kofia ilianguka, nikaiokota, nikaifuta. Tukamsikia ndani akitembea polepole. Alisimama mbele ya picha ya harusi. Alisimama sana. Kisha akatokeza uso dirishani.

"Wenceslas."

"Ndiyo, Papa."

"Miaka kumi na moja mimi napita hapa. Napunguza mwendo. Nainua kofia. Unajibu tu, 'Safari njema, Papa.' Hata siku moja hujasema karibu. Nikasema, bwana huyu hanitaki."

Nikasema, "Karibu, Papa." Akasema asante, lakini ameisha ingia.

Alikula ndani na binti yake, nikawasikia wakicheka. Mimi na Aubin tulikula barazani. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, na ugali. Aubin alisema nguzo zangu ni imara.

Jumapili, 13 Agosti
Muzee amerudi Bukavu. Ameahidi kuja Noeli, alale hapa. Léonie alilia bandarini, kisha akaniambia niandike vizuri nilichojifunza.

Naandika. Nilisema kweli: lilikuwa baraza! Bila baraza asingeketi, na bila kuketi asingeomba kuingia.

Sasa dada yangu Ernestine, wa Butembo. Miaka minne hajaja. Léonie amenipa simu mkononi, ina unite za kupigia, kanionyesha hata namba. Nimeirudisha. Kwanza nichunguze. Nimezunguka nyumba mara tatu, na nadhani nimeona: bati la upande wa kaskazini lina kutu, na Butembo iko kaskazini. Mutu anatoka huko, anaona kutu, anakata tamaa.

Kesho natafuta rangi ya bluu.