Mayai ya Pasaka Yaliyorudishwa kwa Kuku

Matuga, Jumatatu

Kwa Mchungaji Elijah,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kutuchunga. Mimi ni yule Garama Kavumbi wa benchi la nyuma, uliyemtaja kwenye mahubiri kwa kusinzia. Siku ile sikukasirika. Leo nimekasirika, lakini nitasema kwa adabu.

Kabla ya Pasaka, Mercy, mwalimu wenu wa shule ya Jumapili, ambaye zamani alikuwa jikoni kwenye hoteli moja ya Diani na akawaona Wazungu wakifanya hivyo, aliwaambia watoto wachemshe mayai makwao, wayatie rangi, kisha wayalete kanisani, kwa kuwa yai ni ishara ya uhai mpya. Mjukuu wangu Purity, wa darasa la pili, alisikia vizuri mno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mayai aliyatoa chini ya mtetea wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuatamia. Kuku huyo tunamwita Mama Mchungaji, kwa mapenzi tu na kwa ule mwendo wake. Tafadhali usimwambie mkeo.

2. Rangi. Mwalimu alisema manjano ya mchuzi. Purity akaenda kwa jirani yetu Mwanarusi, msusi wa mikeka, akapewa ile rangi ya unga anayochemshia miyaa yake ya kusukia. Rangi hiyo haitoki hata mkeka ukikaliwa na harusi nzima. Sufuria yetu sasa inatoa ugali wa kijani. Nimekwenda matangani na midomo ya kijani, watu wakanipa pole mimi, wafiwa wakasahauliwa.

3. Baada ya ibada, mtoto aliyarudisha yote kwa kuku. Hakuiba, anasema, aliazima. Na Mama Mchungaji akayapokea! Ya kijani, ya zambarau, mekundu, yote akayakalia bila kuuliza. Tangu hapo hashuki ila kunywa maji na kudonoa kidogo, na amekonda hata huruma inanishika.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Purity akitoka shule huchuchumaa bandani akayaimbia mayai pambio. Wenzake wakimcheka kwamba yai lililochemshwa halitoi kifaranga, huwajibu kwamba Yesu naye alikuwa amekufa kabisa. Ningemwambia nini? Huyu mtoto alimzika mama yake mwaka jana, na wewe mwenyewe, pale kaburini, ulimshika bega ukamwambia wafu watafufuka. Alilishika neno lako, na sasa analingojea bandani. Siku za kuangua zimeshapita, nami naiogopa siku atakayoelewa kuliko ninavyokiogopa kifo changu.

5. Kwa hiyo fidia sitaki. Nataka uje na wazee wa kanisa, mfunge na kuomba hapo bandani mpaka mayai yafufuke. Sioni ugumu wake. Lazaro alikuwa mtu mzima na ameshaanza kunuka, haya mayai hata harufu hayana. Mahali pa kupiga magoti nitapafagia.

6. Mkishindwa, basi wewe umwambie Purity, uso kwa uso, kwamba kuna vitu vikienda havirudi. Mimi nimejaribu, nikaishia kumsaidia kuimba. Na kama nawe hutaweza, mayai ya rangi yapigwe marufuku kanisani, na mwakani tusherehekee Pasaka kwa viazi vitamu, ambavyo havina mama.

Nisalimie wazee wa kanisa, kwaya yote pamoja na yule wa sauti ya tatu anayepotea njia, na Mercy licha ya yote. Msalimie pia Mama Mchungaji, huyo wa kwako.

Ni mimi, kondoo wako wa karibu na mlango,

Garama Kavumbi

Nyongeza: Usije. Sijafunga bahasha nimesikia mlio bandani, nikaenda, nikaona yai la kijani limepasuka na kifaranga kinachungulia. Haki ya Mungu, nilipiga magoti juu ya mavi ya kuku nikatubu mambo ambayo hata hukuwahi kuyahubiri. Nikiwa bado natubu, mke wangu Umazi akanivuta pembeni. Kumbe wiki ile baada ya Pasaka aliyatupa yale ya kuchemsha, akaomba mabichi kwa Mwanarusi, akayapaka rangi ileile, na mimi hakuniambia kwa sababu, anasema, mdomo wangu hauna mlango. Basi marufuku nimeifuta, viazi visahau, barua hii ichane.

Purity hakushangaa hata kidogo. Ameuliza mambo mawili tu: mbona kifaranga si cha kijani, na je, zamu ya mama ni lini.

La kwanza nitamjibu mwenyewe. Njoo, Mchungaji.