Helikopta Yangu na Ufunguo wa Karakana

Jumatatu, 9 Septemba

Jumapili ijayo klabu yetu ya ndege za rimoti hapa Ahlendorf inachagua msimamizi wa karakana. Miaka kumi na mmoja ufunguo umekuwa shingoni mwa Hinrich Wessel. Inatosha! Leo nimejaza fomu. Nina miaka hamsini na minane na sijawahi kuchaguliwa kuwa chochote, hata kufuta ubao shuleni. Kazi hii naitaka. Naitaka kweli, na hapa naweza kulisema kwa kuwa hakuna anayesoma.

Mpango: nafika mkutanoni na helikopta mpya, nyaya zote nimeziunga kwa mkono wangu, bila msaada wa mtu. Wanachama waone. Kisha wapige kura.

Nimekutana na Hinrich kwenye foleni ya mikate. Habari zimeshamfikia. Akaniambia kwa upole, mbele ya watu, kwamba nikikwama nimpigie simu. Nikikwama! Nimemshukuru kwa ubaridi na kuondoka. Mkate nimeusahau.

Jumanne, 10 Septemba

Sanduku limefika. Kuna kitabu cha maelekezo, kurasa arobaini. Nimekiweka chini ya mguu wa meza ya kazi, maana ilikuwa inayumba. Kimefaa sana.

Vilivyomo: vimota vitatu vya kuinamisha mapanga, kimoja cha mkia, mota kubwa, betri, risiva ya kupokea amri za rimoti, na katikati ya vyote kisanduku kidogo kama kibiriti. Hicho ndicho kinachohisi helikopta imelalia upande gani na kuirudisha sawa. Kila kitu kina waya, na kila waya una rangi zilezile tatu. Nani aliamua hivyo?

Nimehofia Hinrich asije akachungulia na kuiga kazi yangu. Kwa hiyo nimebandika lebo za siri. Badala ya kuandika mkia, mota, risiva, nimeandika majina ya shangazi zangu. Hata awe mjanja vipi, hapo hatoki.

Jumatano, 11 Septemba

Mimi mwenyewe nimeshindwa kutoka.

Nimesukuma fimbo ya mkia kwenye rimoti, mapanga yakainama. Nimesukuma ya mapanga, mkia ukatikisika. Nilikuwa na hakika Shangazi Hedwig ni mkia, kwa sababu kila safari alikuwa nyuma. Kumbe mkia ni Shangazi Irmgard! Sababu siikumbuki tena.

Mke wangu Gesine kaleta kahawa. Kauliza kwa nini shangazi zangu wote wamechomekwa kwenye kisanduku kimoja. Nimemweleza kwamba ni usalama wa siri za kiufundi. Kasema basi ni mara ya kwanza anawaona pamoja bila kugombana, akarudi zake jikoni.

Saa mbili nzima nimechomoa na kuchomeka. Hatimaye kila shangazi yuko mahali pake, isipokuwa Mechthild, ambaye haingii popote. Nimemtia mfukoni.

Alhamisi, 12 Septemba

Hinrich kaja nyumbani bila kualikwa, na mfuko wa plamu za bustanini kwake. Kaizunguka helikopta. Kasema nyaya zimefungwa vizuri. Nilingoja aongeze "lakini". Kaongeza.

"Ila Ortwin, ukishachomeka betri usiiguse, wala chochote kisiitikise. Kile kisanduku kinatafuta usawa wake. Sekunde kumi tu, mpaka taa ya buluu itulie. Kikitikiswa kitashika usawa wa uongo."

Nikamwambia hilo nalijua. Sikulijua. Lakini hila yake nikaing'amua mara moja, mzee mjanja! Anataka nichomeke betri huko uwanjani peke yangu, kwenye nyasi, pasipo shahidi. Hapana. Nitaichomeka ukumbini, juu ya meza, wanachama wote wakitazama taa inavyowaka.

Plamu ni tamu mno. Nimezila kwa hasira.

Ijumaa, 13 Septemba

Katika klabu yetu hatupigi makofi. Chombo kipya huwekwa juu ya meza kubwa, na kikiwapendeza watu hugonga meza kwa vifundo vya vidole. Mwaka jana walipoletewa ndege ya Hinrich waligonga mpaka vijiko vikadondoka. Kwa vyombo vyangu hugonga kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa.

Mwaka huu sitaiachia bahati. Nimezungumza na shemeji yangu Tjark, kaka yake Gesine, naye ni mwanachama. Nikichomeka tu betri, yeye anaanza kugonga, na haachi mpaka ukumbi mzima umfuate. Malipo ni samaki wawili wa kukaushwa kwa moshi. Kataka watatu. Tumeelewana kwa watatu.

"Shemeji, nitagonga mpaka vidole vichubuke," kasema.

Huyo ndiye ndugu.

Jumamosi, 14 Septemba

Majaribio bustanini. Nimeiweka kwenye nyasi, nikachomeka betri, kisha nikakumbuka miwani iko chooni. Niliporudi taa ya buluu ilikuwa imetulia. Nikawasha mota. IMERUKA! Ikasimama hewani kimo cha goti, imetulia tuli, wala mkia haukuyumba.

"Ortwin, inaruka kweli," Gesine kasema, na sauti yake haikuwa na utani hata kidogo.

Nimelia kidogo. Nimesingizia upepo.

Saa sita na dakika hamsini na tano nimeishusha. Saa saba jirani wanalala mchana, na mtu anayegombea cheo havunji kanuni ya utulivu.

Kwa hiyo maneno ya Hinrich yalikuwa porojo. Mimi nilikwenda kutafuta miwani, sikungoja chochote, na imeruka.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika kwa taabu.

Ukumbi ulijaa, wanachama ishirini na mmoja. Mwenyekiti wetu, Mama Almut, akanipa nafasi. Nikaiweka helikopta katikati ya meza. Nikachomeka betri. Tjark akaanza.

Sijawahi kusikia meza ikigongwa vile! Kwanza yeye, kisha meza ya nyuma, kisha wote. Vikombe vikacheza, kahawa ikamwagika. Helikopta nayo ikawa inarukaruka kwa miguu yake. Miaka kumi na miwili nimekuwa mwanachama na leo ndiyo mara ya kwanza wamegonga hivyo kwa ajili yangu. Ningetaka isiishe.

Hinrich akasimama. "Jamani, acheni kidogo," akasema. "Kisanduku kinasoma."

Wivu mtupu. Nikainua mikono kuwaomba waongeze. Wakaongeza. Taa ya buluu ilikuwa inapepesa haraka haraka. Nikadhani inafurahi pamoja nasi.

Hatimaye taa ikatulia, nasi tukatoka uwanjani. Nikawasha mota. Helikopta ikapanda vizuri hadi kimo cha mtu, halafu ikalalia kushoto. Nikavuta fimbo kulia. Ikajizungusha mara tatu kama mbwa anayetafuta pa kulala, ikapita juu ya uzio na kuzama kwenye shamba la mahindi.

Mahindi ya Septemba yana urefu wa mita mbili na nusu. Wanachama ishirini wakajipanga mstari na kuingia, wakiitana, wamevaa nguo zao za Jumapili. Ilichukua saa nzima. Aliyeipata ni Hinrich. Panga moja limevunjika, na Shangazi Hedwig kakatika.

Kisha kura. Hinrich kumi na tisa. Mimi mbili. Moja ni yangu. Nimemshukuru Tjark kwa ile ya pili. Akaangalia viatu vyake, akasema samaki walikuwa wa kugonga tu, kura hatukuzungumza.

Gesine kanishika mkono njia nzima ya kurudi. Imeniuma sana.

Jumanne, 17 Septemba

Hinrich kaja tena. Helikopta mkononi, panga jipya, waya umeungwa upya. Kaketi jikoni, kahawa yake kaiacha mpaka ikapoa.

"Ile kura ya pili ni yangu," kasema. "Macho yananiishia, Ortwin. Waya wa kahawia na mwekundu siutofautishi tena, naunga kwa kubahatisha. Nilitaka ufunguo uchukue wewe. Mikono yako mizuri, unafunga nyaya vizuri kuliko mimi. Masikio tu ndiyo huna."

Kasema wanachama hawatanikubali mwaka huu, hilo wote tumeliona. Lakini niende karakana kila Alhamisi. Mimi nimsomee rangi, yeye anionyeshe mengine yote, na mwakani atawaambia mwenyewe wanichague. Kisha kaondoka taratibu, akipapasa ukingo wa mlango.

Gesine kafuta macho kwa aproni. Kaniuliza nimeelewa mzee amenipa nini.

Nimeelewa vizuri kabisa. Kumi na tisa kwa mbili, na bado mshindi kaja kwa miguu yake kuomba msaada! Nitakwenda Alhamisi. Mzee wa watu anahitaji mtu wa kumfundisha.

Nimeshampigia Tjark. Siku ya kwanza nikiingia karakana, alete watu watatu wa kunigongea meza.