Analizi Yangu ya Nyumba ya Pili ya Bukari

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi umeanza! Leo asubuhi Mama ametuita sisi bote kwenye meza ya kati na kutangaza: tunafungua restora ya pili, kwenye barabara ya Kingamyambo, pale bachimbaji na bafanyakazi banapita njaa ikiwa imebashika. Hii ya kwanza, hapa Dilala, Kolwezi, Chez Mama Henriette, imejaa mpaka batu banakula na sahani kwenye magoti. Jumapili, nyuma ya misa, Mama atatoa funguo za nyumba mpya kwa mutu atakayeonyesha amefikiri muzuri.

Mi! Nani mwingine? Mwenze, mutoto yake wa kwanza. Nimesoma ekonomi Lubumbashi mwaka muzima, karibu. Tangu leo mi ni mwanaanalizi wa familia. Nimemuambia Mama. Ameuliza kama mwanaanalizi anaweza kuosha sufuria. Nimejibu kila kazi ina mutu yake.

Kizuizi ni kimoja tu: Lucien, bwana ya dada yangu Blandine. Alikuwa karani kwenye kampuni fulani ya mugodi, kontra yake ya kazi ikaisha, akaja kupika kwetu "kwa muda kidogo". Muda kidogo umeingia mwaka wa pili. Anachoma mbuzi nyuma ya nyumba, hasemi kitu, na batu banalamba bidole. Mutu asiyesema kitu ni hatari. Simba mwenda pole ndiye mla nyama!

Jumanne, 4 Juni

Utafiti kwanza. Nimeketi mulangoni na maswali yangu. Kila anayejibu anapata sahani ya maharagi bure, kwa jina la sayansi.

Majibu yamemiminika! Muchimbaji mumoja, Mechack, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, amejibu mara nyingi, kila mara kwa jina lingine. Anataka nini kwenye restora ya pili? Bukari, ugali wetu, iwe ngumu, kubwa, ya moto, na mutu asimuulize maswali. Nimeandika.

Saa ya midi, saa sita ya muchana, sufuria ya maharagi imekauka. Batu balio na pesa mukononi banaangalia sufuria, sufuria inabaangalia. Lucien akachoma mbuzi mwingine haraka haraka, akaokoa midi. Mama amemusifu, lakini kupitia Blandine, maana kwetu heshima ya ukwe haichezewi: mukwe na mama mukwe habaketi pamoja, habasemezani uso kwa uso, na hakuna anayekula mbele ya mwenzake. Lucien akikutana na Mama anageuza mugongo. Mama anakulia nyuma ya pazia, amesimama, sahani mukononi.

Mi nimesifiwa na nani? Na mutu hata mumoja. Lakini matokeo ya utafiti ni mazuri ajabu: batu bote banapenda chakula cha bure. Soko lipo!

Jumatano, 5 Juni

Leo analizi imeingia jikoni. Bukari yetu ni mulima. Kwa nini mulima? Hoteli kubwa zinaweka kidogo, katikati ya sahani pana, na jani juu. Nimechukua kikombe cha chai, nimejaza bukari, nimepindua. Imetoka safi, duara, kama kofia ya askofu. Nimeweka na jani moja la muhogo, la sombe, juu. Nilisimama kuiangalia. Machozi kidogo!

Mechack ameiangalia pia. Ameuliza mutoto mwenye chakula hiki yuko wapi. Restora nzima ikacheka. Tata mumoja, muzee wa mvi, hakucheka. Amesema kumupa mugeni bukari ndogo ni kumuambia arudi kwao, na amesimama kurudi kwao kweli. Bengine bakamufuata. Blandine alikimbia na bukari ya kawaida, akabashika mikono, akaomba radhi kwa niaba yangu. Kwa niaba yangu! Mi sikuomba radhi kwa mutu. Nilikuwa stoo, nachunguza bitunguu.

Nyuma ya kazi Mama amesema, bila kuniangalia, kwamba Lucien angalau anajua sura ya mutu mwenye njaa.

Imeniuma. Naandika wazi: imeniuma sana. Kama funguo zitaenda kwa mukwe, Dilala yote itauliza mutoto mukubwa wa Henriette ana kasoro gani. Nitapita wapi? Kila njia hapa ina mutu anayenijua.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeipata! Nimeipata! Ee Mungu, asante kwa kichwa hiki ulichonipa!

Saa ya midi. Mama nyuma ya pazia na kichwa cha samaki. Lucien kwenye mulango wa nyuma na sahani za mbuzi, amegeuka mugongo, anangojea Mama amalize. Nyama inapoa. Batu banaita. Mama anasikia makelele, anameza haraka, mwiba unamushika kooni. Kikohozi! Blandine anamupiga mugongoni, paa, paa! Na mi, katikati ya restora, napiga makofi kwa furaha. Blandine ameniangalia mubaya sana. Mwiba umetoka, lakini jicho lile halijatoka.

Hajui nimeona nini. Mukwe na mama mukwe habawezi kuendesha kazi moja! Mama lazima apite kuonja muchuzi. Ataonjaje mbele ya Lucien? Basi Lucien hawezi kupewa kitu. Kwisha! Mi simuchukii hata kidogo. Desturi ndiyo inamukataa.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimepanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, kwenda kwa Tata Kazadi, kaka mukubwa wa Mama. Bila yeye hakuna neno la familia linalosimama. Nimemupelekea samaki munene. Nimemueleza kwamba chini ya paa moja, mukwe na mama mukwe, ni aibu kwa ukoo wote. Amekubali kabla samaki hajageuzwa upande wa pili. Amesema siku hizi batoto habamuulizi desturi, banamuomba tu pesa ya simu. Jumapili atakuja, na kofia. Kila nitakapopumzika, atasema: kweli kabisa.

Zaidi ya hapo sikumuambia. Mucheza karata haonyeshi karata zake zote.

Jumapili, 9 Juni

Siku kubwa! Nyuma ya misa tumefunga mulango. Mama kitini, Tata Kazadi kando yake na kofia, Blandine kando ya dirisha. Lucien nje, chini ya dirisha hilo hilo, amegeuka mugongo kwa heshima.

Nilisimama. Nikasema chini ya paa moja, mukwe na mama mukwe, haiwezekani! Tata Kazadi: kweli kabisa! Nikasema kuhusu pazia. Nikasema kuhusu sahani mukononi, miguu inayovimba, kichwa cha samaki kinachomezwa kama dawa. Nikasema mama aliyejenga nyumba hii hana kiti ndani yake. Sauti ikaanza kutetemeka yenyewe. Sikuipanga! Tata Kazadi: kweli kabisa!

Mama akalia.

Akasema tangu Lucien aje hajakula ameketi, isipokuwa nyumbani, na nyumbani anafika amechoka hata njaa imekufa. Hakusema kwa sababu kijana anafanya kazi muzuri na kosa si lake. Alifikiri hakuna anayeona. Kumbe Mwenze anaona! Akanikumbatia mbele ya bote. Blandine akalia. Mi pia. Ushindi una machozi yake.

Halafu Mama akapangusa macho, akasema analizi imesema kweli: paa moja haiwezekani. Basi Lucien aende chini ya paa lingine. Akamupa Blandine funguo. Blandine akazipitisha dirishani.

Kweli kabisa! akasema Tata Kazadi.

Nilimukonyeza. Akafikiri nataka aongeze sauti. Akaongeza.

Nje, Lucien akapiga makofi ya heshima, akauambia ukuta kwamba hatasahau maisha yake yote namna shemeji yake Mwenze alivyomutetea kuliko avoka wa mahakamani. Na kwa kuwa Blandine anaenda na bwana yake, nafasi ya Blandine jikoni imebaki wazi. Sombe, bitunguu, sufuria. Bote bakageuka kuniangalia na upendo mwingi.

Ningelalamika kwa nini? Analizi yangu imekubaliwa nzima, hakuna hata neno moja lililokataliwa! Nani mwingine Kolwezi amepata bahati hiyo?

Jumatatu, 10 Juni

Habari kutoka Kingamyambo: imejaa tangu asubuhi. Mechack amehamia kule na bachimbaji benzake. Matunda ya analizi yangu!

Hapa, saa ya midi, Mama ameketi kwenye meza ya kati. Ameketi kweli! Amevua biatu, amekunja mikono ya nguo, ameninyoshea kidole nikae. Tumekula bukari sahani moja, mulima muzima, na samaki. Amenyonya mifupa pole pole, akicheka na kila mutu aliyeingia. Sikumbuki lini tulikula namna hiyo. Nilifurahi, nakubali.

Halafu nimetwanga sombe mpaka mabega yanalia. Katika kutwanga, mutu anafikiri. Nimepata somo kubwa: restora habapewi batoto, banapewa bakwe. Basi mi lazima niwe mukwe!

Mutu wa taxi-moto ameniambia kwenye barabara ya Likasi kuna Mama Wivine, mwenye restora kubwa, friji mbili, miamvuli nje, na mutoto mumoja tu, musichana, Shekina. Shekina simujui bado, hiyo ni kazi ndogo. Cha kwanza ni kumupata mama. Kesho midi navaa shati jeupe, nakwenda kuketi kwenye meza ya Mama Wivine mwenyewe, tunawe pamoja na tule sahani moja, uso kwa uso, ili mama mukwe yangu anizoee mapema.