Geji Iliyopelekwa Kutoa Ushahidi

Jumatatu, 3 Juni
Shajara yangu, niwie radhi. Nimekutupa tangu mtoto aanze kuota meno, na leo nakurudia na balaa. Kamera ya barabarani imenipiga tena! Hamsini na nne penye hamsini. Nami macho yalikuwa kwenye mshale wa geji ya mwendo: hamsini kamili. Nikipatwa na kosa lingine, leseni inakwenda. Bila leseni, kazi ya kusambaza mikate atapewa mwingine, na mimi na mwanangu tutakula hewa. Nimelia. Mwanangu naye akalia, kuniunga mkono.

Jumanne, 4 Juni
Fundi kaangalia magurudumu, akacheka hadi akakaa chini. Akauliza nani kanifungia tairi kubwa hivi. Shemeji, nikasema, tena zawadi. Eti tairi likizidi ukubwa, gari hukimbia kuliko geji inavyojua. Nirudishe zile za zamani, yaishe. Zile shemeji alishaziuza! Halafu kwa nini nirekebishe mimi? Aliyeongopa ni geji. Na aulizwe yeye.

Jumatano, 5 Juni
Nimeendesha kwa woga mpaka mzee wa mkokoteni akanipita. Akanipungia mkono kwa huruma. Tajiri wangu wa mikate kauliza kama gari nililisukuma. Basi! Kesho naenda kwa Sajini wa trafiki, na shahidi mkononi.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi nimeing'oa geji kwenye dashibodi, kwa bisibisi na matusi ya kimoyomoyo (mtoto anajifunza kusema). Nikaiviringisha kwenye nepi safi. Nikaitua mezani kwa Sajini: afande, muongo huyu hapa, mhoji.

Kumbe ana utu! Akaigeuzageuza. Akakiri kuwa sheria haina huruma, na kwamba hata yeye hushangaa mtu kuadhibiwa kwa nne tu. Akambembeleza mwanangu. Akashika kalamu anisamehe. Roho yangu ikatua.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa: dada, hapa umekujaje?

Nimeendesha, afande, gari lipo hapo nje.

Na mwendo wako uliujuaje?

Nikasema nilikisia.

Akashusha pumzi ndefu. Gari lisilo na geji ni kosa, tena ambalo hata yeye hawezi kulifumbia macho. Leseni imebaki mezani kwake. Nimerudi kwa miguu, mtoto mgongoni, geji kwapani.

Jumamosi, 8 Juni
Mikate anapeleka mwingine. Chai leo kavu. Nimemkalisha mwanangu mapajani nikamwambia ukweli, maana mtoto hadanganywi: mama kakosea, na kosa kalijua. Nilipeleka upande mmoja tu wa kesi! Geji ilitakiwa isimame uso kwa uso na kamera.

Nimemtumia dada yangu ujumbe. Kaniletea maombi tu. Bado nahitaji anitumie: ngazi ndefu, spana ya nati kubwa za nguzo, blanketi zito ili kamera isione inakopelekwa, na mtu yeyote mwenye leseni.