Mafuta ya Samaki kwenye Mashine ya Mvuke

Jamani, leo nimefedheheka, na bado nina uso wa kuwasimulia.

Mnajua fundi mkuu alikuwa anakuja kutoka Kisumu kukagua kazi yangu ya mashine hapa hospitalini. Akiridhika, naenda Nairobi kusomea ufundi wa mashine za hospitali. Asiporidhika, narudi kisiwani kwetu Takawiri kuvua omena, vile vidagaa vya ziwani. Tangu alfajiri sikukalika. Nimekunywa chai nikitembea, nimefunga na kufungua kamba za viatu hadi zikachoka (viatu vyenyewe vya kuazima).

Taabu ilikuwa ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu kwenye vitambaa vya upasuaji. Mpira wa mlango umekauka, mvuke unavuja, na mpira mpya haujatufikia hapa Migori. Mtu mwenye akili angesema ukweli na kungoja. Mimi kungoja siwezi. Nikakumbuka nyumbani: ngozi ya pampu ya karabai ikikauka, baba huipaka mafuta ya samaki, taa ikawaka usiku kucha ziwani. Na chupa ninayo (mama haniruhusu kuvuka kuja bara bila mafuta). Nikapaka. Nikaongeza. Mvuke ukanyamaza.

Fundi mkuu akafika, akatazama geji ya mvuke, akasema, "Safi." Moyoni nilikuwa nimeshapanda basi la Nairobi.

Vitambaa vikapelekwa chumba cha upasuaji, nasi tukafuata. Mezani kalala mzee wa Kegonga aliyekuja kupasuliwa ngiri, hajala tangu jana kwa amri ya daktari. Sista akamfunika. Mzee akanusa. Akanusa tena. Akaketi.

"Daktari, mimi mumenikataza kula. Kumbe nyinyi munakaanga samaki humu ndani?"

Daktari akanusa joho lake. Sista akanusa glavu. Fundi mkuu akaninusa mimi.

"Omondi, umepaka nini?"

"Mafuta ya samaki, bwana. Lakini haivuji."

Upasuaji umesogezwa hadi kesho. Mzee kaletewa ugali na samaki wa ngege, na ndiye peke yake aliyenishukuru. Mimi nimefua vitambaa vyote upya, paka wa hospitali wamenizunguka kama ndugu wa marehemu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Fundi mkuu hajasema ndiyo wala hapana. Amesema analala hapa hapa, kesho aone nitapaka nini.

Kwa hiyo tafadhali, chekeni kwa tumbo tu, sauti isitoke. Amepewa chumba kilicho nyuma ya ukuta huu.