Goti Langu na Ng'ombe wa Phanice

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Kehancha.

Wiki ya tisa tangu ngazi ya banda la tumbaku initupe chini. Goti bado linakataa kukunjika. Jumamosi tunakwenda Ndhiwa, kwa wakwe, kuchagua ng'ombe watano wa mahari ya binti yangu Phanice. Katika ukoo wetu, baba wa binti ndiye anayeingia zizini. Ng'ombe anayemwekea mkono mgongoni ni wake, na hasemi neno. Baba yangu aliingia kwa ajili ya dada zangu wote wanne. Mimi nina binti mmoja tu. Nisipoingia, ataingia mdogo wangu Bichage. Bichage! Mtu asiyeweza kumtofautisha mtamba na maksai mpaka aambiwe.

Mellen, daktari wa viungo kule hospitalini, anataka nifunge mfuko wa mchanga kifundoni na kuinua mguu mara ishirini, asubuhi na jioni. Anataka pia niende Ndhiwa na magongo. Nimemshukuru sana. Lakini mzee akiingia na magongo, atapewa ng'ombe wa magongo.

Jumatano, 5 Novemba

Mazoezi yanauma. Yanauma hadi machozi, na mimi si mtu wa machozi.

Ila leo nimegundua jambo. Mke wangu Damaris huhesabu akiwa jikoni, kwa kusikia mfuko ukigonga sakafu. Basi nimeketi kitandani nikaudondosha kwa mkono, mara ishirini, nikiguna vizuri. Jioni nimeguna hadi ishirini na tano. Damaris akaniletea uji wa wimbi, akasema Mungu ni mwema. Nimejisikia vibaya kidogo. Uji nimeumaliza.

Ijumaa, 7 Novemba

Bichage amekuja kuona kama natembea. Nimetembea kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji, nikijifanya nakagua ukuta. Ukuta umenisaidia sana. Akasema kwa upole kwamba yuko tayari kuniwakilisha, si aibu, mwili ni mwili. Upole wa Bichage hunitia homa! Akasema pia ameshawapigia wenyeji simu kuwaeleza desturi yetu ya mkono, maana wao ni Wajaluo na wana yao. Nikamwambia amefanya vyema.

Alipoondoka nikaogopa kweli. Siogopi ng'ombe. Naogopa Phanice anione nimekaa kwenye kiti nje ya zizi, na mtu mwingine akimfanyia kazi yangu.

Jumamosi, 8 Novemba

Magongo niliyaacha chini ya kitanda. Nikameza vidonge viwili vya maumivu, nikachukua fimbo, nikaingia zizini kifua mbele.

Matope! Mvua ya jana. Hatua tatu, sawa. Ya nne, fimbo ikazama, goti likagoma. Nikaegemea kilichokuwa karibu. Kumbe ni ng'ombe mzee, jicho moja, mifupa ya nyonga imetokeza. Vigelegele! Mzee Paul, baba wa bwana harusi, akapaza sauti akiniita mzee kwa Kijaluo, "Jaduong' amechagua! Hiyo ni ya kwanza!"

Nikajitoa haraka, nikamwangukia mwingine. Vigelegele. Wa tano alikuwa ndama aliyekuwa akipita tu. Mitamba watatu wanono walisimama kona ya mbali, wakinitazama. Sikuwafikia.

Ningesema ni goti, wangeanza upya, na Bichage ndiye angeingia. Nikampapasa ndama kana kwamba ndiye niliyemtaka. Bichage alicheka hadi akafuta macho. Phanice, aliyekuja na shangazi zake, hakucheka. Alivuka matope na gauni lake jipya, akanipa bega. Nikamwambia nilikuwa napumzika tu. Aibu niliyoiona leo sijawahi kuiona.

Jumatatu, 10 Novemba

Goti limevimba kama boga. Mellen akaniuliza nimekuwa nikiinua mara ngapi. Nikasema ishirini, siku nyingine ishirini na tano. Akasema goti limemwambia vingine. Damaris, aliyenisindikiza, akasema uji wake wa wimbi umeliwa bure, na neno hilo likaniuma kuliko goti. Mellen anasema uvimbe ukishuka nikafanya mazoezi ya kweli kila siku, nitamsindikiza Phanice kanisani tarehe 13 Desemba kwa miguu yangu. Nisipofanya, goti litabaki hivi maisha.

Mchana Phanice amekuja. Hajali ng'ombe, hata yule wa jicho moja. "Tata, siku ya kanisa mimi nataka mkono wako tu. Hiyo ujanja uwache nyumbani." Nimelia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Maneno yake yameniingia, nami nimefikiri sana. Nikachukua boda hadi kanisani nikapime mwenyewe. Kutoka mlangoni hadi madhabahuni kuna benchi kumi na nne kila upande. Nitakwenda polepole, nikisalimia watu kulia na kushoto, nikishika benchi baada ya benchi. Hakuna atakayejua! Tatizo ni moja tu, kwamba mikono yote miwili itakuwa na kazi.

Phanice atashika koti.