Miraba Usoni mwa Mzee Kiptum

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwambia mamake Cheruto, mpenzi wangu, kwamba nitamchorea marehemu mumewe, mzee Kiptum, kwa penseli. Kwa mkono wangu! Amenipa picha yake, ile moja tu waliyo nayo. Jumapili anakuja kutoka Elburgon kuona kazi. Akiridhika, nitamwoa bintiye. Shida ndogo: sijawahi kuchora hata kuku.

Jumanne, 4 Machi
Nimekaa kibandani kwa Nerima, mchoraji wa hapa Nakuru, nikijifanya nangoja mtu. Nia: kuiba ujuzi. Anamchora bibi harusi. Kwanza miraba juu ya picha, miraba hafifu kwenye karatasi. Kisha jicho. Penseli ngumu, halafu laini, halafu anapapasa kwa tishu. Ile nukta ya mwanga kwenye mboni hakuichora, aliiacha tu karatasi ibaki nyeupe. Lo! Bibi harusi akanitazama. Nikasahau kuiba.

Jumatano, 5 Machi
Nimepiga miraba yangu juu ya picha yenyewe ya mzee. Kwa biro, isifutike. Bravin, ninayeishi naye, ameuliza kama Nerima hapigi miraba juu ya kopi. Kopi! Mzee wa watu sasa yuko nyuma ya vyuma kama mahabusu. Nimekwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemkimbilia Nerima. Alicheka hadi akakaa chini, akaniuliza boss, mkwe alikukosea nini. Kisha akaitazama picha sana, kicheko kikaisha. Atamchora. Sharti moja: niseme kazi ni ya nani. Nikaapa.

Jumamosi, 8 Machi
Leo amemaliza. Alibonyeza kifutio kwenye paji la uso, mwanga ukatokea. Mkunjo mmoja baada ya mwingine, mzee akarudi. Yaani yuko pale, anapumua! Sikuwahi kumwona akiwa hai, lakini nilivua kofia. Nerima hakunicheka.

Jumapili, 9 Machi
Mama amesimama mbele ya mchoro. Kisha akaongea na mzee kwa Kikalenjin, taratibu, kama sisi hatupo. Akalia. Nami nikalia, kweli kabisa. Akauliza ni mkono wa nani. Cheruto akanikodolea macho. Nikasema wangu! Mdomo huu, jamani! Mama amenikumbatia, amesema mke ninaye. Ile picha yake niliyoichora miraba, nimesema iko kwa fundi wa fremu. Kisha akauliza kama mkono huu unaweza kumchonga mzee kwenye jiwe la kaburi, kabla ya Pasaka. Nimemwambia hiyo ni kazi ndogo. Kesho naenda Gilgil, kuna fundi wa mawe nikamwangalie kidogo. Jiwe haliwezi kunishinda.